Makabidhiano ya Mlangoni

Mimi asubuhi sisemeshwi. Uje na salamu nzuri, uje na habari mbaya, jibu langu ni moja: nipishe nipite. Kazini wananiita Kiberiti, na siku waliponipa jina hilo niliwapa vidonge vyao mmoja mmoja, mpaka wakaona kweli limenikaa.

Basi chukua mtu wa namna hiyo, umpe kazi inayomtaka afike kabla ya wenzake wote. Ndiyo niliyopewa mimi. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka ya wodini, mapazia, magauni ya kijani ya chumba cha upasuaji, vyote vinapita mikononi mwetu, na mimi ndiye mwenye funguo za boila. Boila ndilo linalotoa mvuke, na mvuke ndio unaoendesha mashine za kufulia na zile pasi kubwa. Halichemki kwa kuombwa. Linataka kuwashwa mapema, lingurume peke yake weee, ndipo litoe cha maana. Nikichelewa mimi, pasi zimelala. Pasi zikilala, magauni hayatoki, na magauni yasipotoka madaktari wanasimama wamekunja mikono, huku mgonjwa ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu anaangalia dari.

Nilichelewa. Haya, binadamu. Nikachelewa tena, na mara hiyo aliyekuwa akisubiri ni mama mmoja mtu mzima, mwanawe akaja mpaka mlangoni kwetu kuuliza nguo ziko wapi. Hakunitukana. Aliuliza tu, kandambili za mama yake mkononi, na mimi Kiberiti mzima nikamwomba radhi.

Msimamizi wetu ni mwanamke mpole, na upole wake ndio unaotisha. Heri angekuwa mtu wa kufoka, ungejua akishafoka yamekwisha. Aliniita pembeni akasema, "Dada, ikitokea tena, funguo utaniwekea mezani, nawe utarudi kule ulikotoka."

Nilikotoka ni chumba cha kuchambua nguo chafu. Sitaki kusimulia kilichomo kwenye mashuka ya hospitali kabla hayajafuliwa, huenda unakula. Nilikaa mle miaka mpaka pua yangu ikasahau harufu ya sabuni, na siku nilipokabidhiwa funguo za boila nilizivaa shingoni nikalala nazo. Nirudi kule? Thubutu! Afadhali nihamie kwa boila lenyewe, nitandike mkeka.

Sasa njoo nyumbani kwangu uone asubuhi inavyoliwa. Tuna vyumba viwili, jiko la kujibanza, na bafu liko nje uani. Tuko wanne. Kuna mimi. Kuna binti yetu, wa madarasa ya chini, mtoto ambaye viatu vyake hutembea usiku, maana kila kukicha kimoja hakipo. Kuna mama mkwe wangu, anayeingia bafuni alfajiri na wimbo usio na mwisho. Ukimgongea, anaongeza ubeti. Na kuna mume wangu, mlinzi wa usiku kwenye ghala la matairi, anayerudi wakati ule ule mimi natoka. Namwita Afande. Ilianza kama utani, ikazoeleka.

Walinzi wana desturi yao. Mlinzi haachi lindo mpaka mwenzake afike, asimame wima mbele yake, asikilize taarifa yote, kisha atamke: "Nimepokea." Neno hilo lisipotamkwa, hata jua likuchome utosini, umo. Siku binti yetu anazaliwa, mtu wa kumpokea Afande alichelewa, naye akabaki pale getini ameng'ang'ania kirungu huku mimi nalia hospitalini. Nimemsamehe nusu, nusu nyingine naitunza.

Desturi hiyo aliileta nyumbani tangu tumeoana. Anaingia asubuhi, anaweka tochi chini, anasimama mlangoni wima, mkono kwenye paji la uso.

"Lindo likoje?"

Nami nilikuwa natoa taarifa. "Mama yuko bafuni, anaimba. Mtoto hajaamka, kiatu kimoja hakijulikani kilipo. Maji yamo kwenye ndoo. Gesi iko ukingoni, ukipika usizubae."

"Anaimba wimbo gani?"

"Ule ule."

"Kiatu cha kulia au cha kushoto?"

"Afande, nachelewa!"

Tunakunywa chai kikombe kimoja, tumesimama, yeye bado na koti lake la baridi, mimi na mkoba begani. Halafu swali la mwisho, ambalo hakuwahi kuliruka hata siku moja: "Na anayeondoka, yuko salama?"

"Niko salama."

"Nimepokea."

Ndipo ananipisha. Mama mkwe alikuwa akituona anasonya. "Upuuzi mtupu," husema. "Watu wazima wanacheza askari na mwizi asubuhi yote hii."

Basi siku ile ya onyo nilirudi nyumbani. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikaichambua asubuhi yangu kama ninavyochambua nguo: hii ya lazima, hii si ya lazima, hii inatoka madoa, hii imeshindikana. Kuoga nikakuhamishia jioni, mama mkwe abaki na bafu lake na beti zake. Chai ikaingia chupani kabla ya kulala. Nywele nikazisuka za kulala chini, zisitake kitana wala kioo. Viatu vya mtoto nikavifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza yangu ya jikoni, mtoto akalia kwamba nimevifunga jela. Na mimi mwenyewe nikapanda kitandani nimevaa sare ya kazi.

Kesho yake nilifika kazini na mikunjo kuanzia kola mpaka pindo. Fikiria: mtu anayelipwa kunyoosha nguo za watu. Kijana wa pasi kubwa aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Kiberiti, ingia mwenyewe kwenye mashine, tukupitishe mara moja." Wenzangu wakavunjika mbavu. Nilimwambia aanze kuupitisha ulimi wake, lakini jioni ile sare niliitundika msumarini na kulala kwa gauni kama watu.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza ya haraka. Ya pili ndiyo iliyoharibu mambo.

Niliamka vizuri. Sare nikaivaa mara moja, skafu kichwani, viatu mguuni bila kufungua kamba, mkoba begani, funguo shingoni. Kila kitu kilikwenda kama nilivyokipanga, sijui hata kama nilipumua. Nafungua mlango, huyo Afande, amesimama kizingitini, wima, mkono kwenye paji la uso, kicheko kimembana mashavuni.

"Lindo likoje?"

Damu ikanipanda kichwani. Sikumwona mume wangu pale. Niliona ukuta. Niliona meza ya msimamizi na funguo zangu juu yake.

"Wewe," nikamwambia, "wewe ndiye unayenichelewesha! Si mama, si mtoto, ni wewe na maswali yako ya kijinga. Anaimba wimbo gani, kiatu cha wapi! Mimi si ghala la matairi. Na hii ni nyumba, si lindo. Nipishe!"

Mkono wake ukashuka taratibu. Kile kicheko kilibaki usoni kidogo, kana kwamba hakijaambiwa. Akasogea pembeni.

"Sawa," akasema.

Nikapita. Boila nikaliwasha mapema, msimamizi akapita akanitikisia kichwa, na siku nzima nilijisikia mshindi. Sababu nilikuwa nayo, hilo mpaka leo silikani. Ila ile "sawa" yake ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, unaumeza na haushuki.

Asubuhi iliyofuata hakuwa mlangoni. Nikaenda zangu. Iliyofuata tena, hakuwepo. Mimi na yeye tunaonana jioni, naye jioni ni mtu wa kuvaa na kutafuta tochi, mtoto anamvuta huku anamsomea masomo ya shule, mama anataka aangaliwe goti. Nilimkamata penye ndoo ya maji anaosha uso.

"Mbona siku hizi hatuonani asubuhi?"

"Mwenzangu anachelewa kunipokea," akasema, maji yanamchuruzika kidevuni. "Unajua tena, bila kupokewa siwezi kutoka."

"Mkanye."

"Nitamkanya."

Nikaamini. Na kusema kweli nilifurahi kidogo, kwa sababu mlango ulikuwa mweupe. Nilikuwa natoka humo kama maji kwenye bomba. Wasio na asubuhi yangu hawajui raha ya mlango usio na mtu.

Lakini raha hiyo haikukaa. Nilikuwa mwepesi mno sasa, nimemaliza kila kitu na bado kuna muda. Nikawa nasimama katikati ya chumba na mkoba begani, taa inawaka, najipapasa. Funguo, zipo. Kitambulisho, kipo. Simu, ipo. Gesi, nimefunga, narudi kuangalia, nimefunga kweli. Natoka, nafika kwenye kona, narudi mbio kuangalia mlango. Umefungwa. Naondoka tena, roho juu, nina hakika kuna kitu nimesahau, na kitu chenyewe sikijui. Kazini nikawa nalikagua boila mpaka wenzangu wakaniuliza kama linaumwa. Usiku nalala jicho moja. Naota mshale wa kipimo cha mvuke umelala kwenye sifuri, nami napiga kiberiti, hakiwaki, napiga kingine, hakiwaki. Chupa ya chai nikawa nairudisha nyumbani imejaa. Siwezi kunywa chai peke yangu nimesimama, nikikaa nachelewa, basi hainyweki.

Mtoto aliliona kabla yangu. Jioni moja aliniuliza, "Mama, baba amepigwa marufuku kupiga saluti?"

"Nani kakwambia?"

"Hapigi tena. Anaingia tu."

Nikamwambia ale chakula chake.

Siku moja mchana nimetoka nje ya chumba cha kufulia kupunga upepo, nikasikia, "Shemeji!" Nageuka, ni mlinzi wa mchana wa ghala la matairi, yule anayempokea Afande, mtu mnene mwenye meno ya kucheka muda wote. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa, amemleta mkewe kliniki. Mimi nikaona huyu huyu, Mungu kamleta.

"Wewe," nikamwambia hata kabla ya kumjibu salamu, "una nini wewe? Kila siku unachelewa, mume wangu anakaa getini mpaka asubuhi yangu inaisha. Huna saa?"

Meno yakafungwa. "Mimi? Shemeji, mimi nachelewa?"

"Wewe."

"Nani kasema?" Akashika kiuno, ameudhika kweli. "Mimi nafika giza bado lipo! Na mumeo hata taarifa siku hizi anatoa anakimbia. 'Nimepokea' yangu haijaisha mdomoni, yeye keshavuka barabara, mbio kama amesikia nyumba inaungua. Mimi nikasema, jamani, huyu mtu anampenda mkewe!"

Akacheka tena. Nikamwambia amsalimie mkewe, nikarudi ndani, nikakunja mashuka bila kuyaona.

Nisikufiche: wazo la kwanza lilikuwa lile lile ambalo na wewe umelipata, kwamba ana mwanamke. Nikamvisha mwanamke huyo sura, nikampa na nguo, nikamkaanga kichwani mpaka jioni. Nilifika nyumbani natoa moshi puani. Afande alikuwa bado amelala, amejifunika mpaka kichwani. Nikamwendea mama mkwe, aliyekuwa kwenye ngazi ya uani anachambua mchele.

"Mama, mwanao asubuhi anaingia saa ngapi?"

Hakuinua macho. "Wewe ukitoka."

"Baada ya muda gani?"

"Hakuna muda. Mguu wako ukitoka, wake unaingia. Kitasa hakijapoa." Akatupa kijiwe. "Mbona unaniuliza mimi? Mume ni wako."

Nikapiga hesabu. Kama mtu anatoka ghalani mapema, anakimbia, na anaingia nyumbani nikishatoka tu, basi hakuna mwanamke. Hakuna muda wa mwanamke. Yuko karibu. Anasubiri karibu kabisa, mahali anapouona mlango, mpaka mimi niondoke. Mume wangu anajificha asikutane na mimi.

Yule mwanamke wa kubuni nilitamani arudi. Yeye ningepigana naye. Sasa ningepigana na nani?

Jioni ile tuliagana kama kawaida, yaani hatukuagana, ila alinisikia nikimwambia mama kwamba kesho natoka mapema. Na kazini msimamizi alikuwa ameshatuambia kwamba kesho wagonjwa wa upasuaji ni wengi, wa kwanza ni mtoto mdogo, na mvuke uwe tayari mapema kuliko siku zote. Aliposema hivyo aliniangalia mimi. Nililala na funguo ngumini. Nilijua nikimtafuta Afande nikampata na tukagombana, boila litanisubiri, na kesho kutwa nitakuwa nimeinamia mashuka machafu. Nilijua pia kwamba nisipomtafuta, nitaendelea kusimama chumbani kila alfajiri najipapasa kama mwendawazimu. Niligeuka upande huu, nikageuka upande ule. Mwisho nikasema, nitaamka mapema zaidi. Kama kuna kitu nimejifunza ni kuamka.

Niliamka giza zito. Nilivaa bila sauti, nikamfunika mtoto, nikawasha taa ya chumba cha mbele kama ninavyofanya kila siku, nikaiacha inawaka. Kisha, badala ya mlango wa mbele, nikatoka wa nyuma, viatu mkononi.

Bafuni mama mkwe alikuwa katikati ya wimbo. Nilipopita, wimbo ukakatika.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Leo unapita nyuma?"

"Ndiyo, Mama."

Maji yakamwagika kidogo. Halafu akasema, sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kumsikia nayo, "Zungukia nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Na ukifika pale kwenye bati, usilikanyage, linapiga kelele."

Wimbo ukaendelea ulipoishia.

Alijua! Siku zote hizo mwanamke yule alijua, anachambua mchele tu. Nilitaka kurudi kumuuliza, lakini ningemuuliza nini? Mume ni wangu.

Nikazunguka. Kibanda cha fundi viatu kiko ng'ambo ya njia, kimeielekea nyumba yetu. Sikulikanyaga bati. Nikachungulia kwenye kona, na huyo hapo, Afande wangu, amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, koti la baridi limefungwa mpaka shingoni, kirungu katikati ya magoti, mgongo amenipa mimi, macho kwenye dirisha letu lenye taa.

Alikuwa anaongea. Anaongea peke yake, polepole, kwa ile sauti ya taarifa.

"Taa imewaka. Sasa anavaa sare. Sasa skafu." Akapuliza viganja. "Sasa anatafuta funguo, ziko shingoni, mama, ziko shingoni. Haya. Sasa anarudi kuangalia gesi. Umefunga, umefunga. Sasa anamfunika mtoto."

Nilishika ukuta. Yote aliyosema ndiyo niliyokuwa nafanya kila asubuhi, kwa mpangilio huo huo, na mimi nilidhani niko peke yangu mle ndani.

"Sasa anatoka," akasema, akasimama. Akajinyoosha wima nyuma ya kibanda mahali ambapo mtu anayetoka nyumbani kwetu hawezi kumwona. Mkono ukapanda kwenye paji la uso. Akauacha pale.

Mlango haukufunguka. Utafungukaje, na mimi niko nyuma yake?

Akasubiri. Mkono ukashuka. "Mbona hatoki?" Akaitazama saa yake, akaigonga kwa kidole. "Atachelewa. Leo ana nini huyu? Atachelewa, watamnyang'anya boila." Akaanza kupiga hatua huku na huku. "Anaumwa. Au mama kateleza bafuni. Hapana, mama anaimba. Basi ni yeye." Akanyakua tochi, akapiga hatua ya kwanza kuelekea mlangoni.

Nikamkamata mkanda wa koti.

Aliruka! Mlinzi mzima, mwenye kirungu, aliruka kama mtoto aliyeguswa na chura. Akageuka, akaniona, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwake halikuwa "unanipeleleza" wala "umenitisha". Alisema, "Utachelewa!"

"Unafanya nini hapa?"

"Nenda, utachelewa, tutaongea jioni."

"Unafanya nini hapa kila siku, kwenye baridi, na nyumba yako ile pale?"

Akaangalia viatu vyake. "Ulisema nakuchelewesha."

"Kwa hiyo ukahama?"

"Sikuhama. Nikiingia nitaongea, najijua. Nikikuona tu nitakuuliza kitu, na swali moja linazaa jingine." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nikaona bora nikusindikize kwa macho. Ukishapita kona, naingia."

Nilikuwa na maneno. Mimi sikosi maneno, waulize kazini. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, makali yote mbele. Yaliyeyuka. Nikasimama mbele yake, nikavaa viatu vyangu, nikanyoosha mgongo.

"Niulize," nikasema.

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Akanitazama, anapima kama ni mtego. Halafu akasimama wima, taratibu, na mkono ukapanda.

"Lindo likoje?"

"Mama yuko bafuni, anaimba wimbo ule ule. Mtoto amelala. Viatu vyote viwili viko jela. Maji yamo ndooni. Gesi nimefunga, nimefunga kweli." Nikaupapasa mkoba. "Chai iko kwenye chupa, imejaa. Huwa siinywi."

Hakuuliza wimbo. Hakuuliza kiatu. Aliuliza lile la mwisho tu.

"Na anayeondoka, yuko salama?"

Miaka yote nimemjibu swali hilo bila kulisikia. Niko salama, niko salama, nipishe. Asubuhi ile jibu lilikataa kutoka.

"Hapana," nikasema. "Siko salama, Afande. Nimechoka. Naamka roho juu, nalala roho juu. Namwona yule mama kwenye kitanda cha magurudumu kila nikifumba macho. Naogopa kurudi kwenye nguo chafu. Nilikutukana wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu. Na huko ndani peke yangu siwezi hata kunywa chai." Nikaanza kulia, tena kulia kwa kwikwi, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, mimi Kiberiti.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakusema "Nimepokea."

"Sema basi niende," nikamwambia.

"Siwezi. Anayeondoka hayuko salama. Desturi ni kwamba huyo haachwi aende peke yake, anasindikizwa." Akachukua mkoba wangu, akautia begani mwake, juu ya koti. "Tangulia. Usingizi nitaupata huko huko."

"Na nyumba? Nani amepokea nyumba?"

Hilo kweli hakuwa amelifikiria. Tukageuka wote wawili kuutazama mlango wetu.

Ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini na kitambaa cha kuogea mabegani, povu kwenye masikio yote mawili. Ametuona, sijui tangu saa ngapi. Akakaza mgongo, akasimama wima kadiri goti lilivyomruhusu, akainua mkono mpaka kwenye paji la uso lenye povu.

"Nimepokea!" akapiga kelele, njia nzima ikasikia. "Haya nendeni, usimcheleweshe mtoto wa watu!"

Tulikwenda. Sikukimbia, na muda ulitosha. Boila nililiwasha kwa njiti ya kwanza, na lilipoanza kunguruma nilichungulia nje: Afande yuko kwenye benchi, amelala ameketi, amekumbatia mkoba wangu. Msimamizi akapita, akamwangalia, akaniangalia mimi.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu," nikasema. "Amenisindikiza."

Akaangalia kipimo cha mvuke, akaona mshale unapanda. Akasema nimpe yule bwana chai, asije akapata baridi. Nikaifungua chupa, nikakaa kwenye benchi kando yake, nikamwamsha, tukanywa kikombe kimoja.